Karatasi Isiyokunywa Wino

Marhoun alikitia kidole mate, akakipitisha juu ya neno aliloliandika sasa hivi. Neno halikufutika. Lilikwisha kuganda kama doa la komamanga kwenye kanzu.

"Hii mbovu," alisema.

Wasan, binti mwenye duka la vifaa vya kuandikia pale Nizwa, Omani, alicheka. "Shikamoo nimeshakupa, ami, heshima ipo pale pale. Lakini hiyo ndiyo nzuri. Wenye kalamu za wino wote wanaiulizia. Haivuji nyuma, wino hautawanyiki."

"Inaunywa."

"Si ndiyo kazi ya karatasi?"

"Nipe isiyokunywa."

Wasan akaleta nyingine, nene, yenye mikwaruzo. Kalamu ikaparuza, wino ukatoa mizizi pande zote. Mzee akaisukuma kando.

"Kwani unamwandikia nani, ami, mpaka utuchambulie duka zima?"

"Nimeitwa ofisini hapa na Mudiri Turki, mkubwa wa afya, Alhamisi. Ati nije na karatasi nzuri."

Kicheko cha Wasan kikakatika. Habari ile aliijua, maana watu wa Unguja na Pemba waliokaa huku hawafichani shida. Hamdun, mtoto pekee wa Marhoun, ni muuguzi kule mji wa Adam. Ombi lake la kuhamia Ibra, kwa baba yake, lilikuwa juu ya meza ya Turki, limekamilika, linangoja saini tu.

"Tangu Idi haijatoka hata karatasi moja, baba," Hamdun alikwisha kumwambia kwa simu. "Ghalia, mwandishi wake, anasema kalamu ya mudiri imeharibika."

"Kalamu ya mkubwa ikiharibika," Marhoun alijibu, "nchi nzima hukaa ikingoja."

Naye alikuwa akingoja. Tangu afe mkewe Shukriya alikuwa akizungumza na friji. Nyumba ya Ibra ina mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na yeye hakuwa na pa kutokea.

Na huyo Turki, Marhoun alikuwa akimjua vizuri. Zamani ndiye aliyekuwa mkubwa wa hospitali aliyolazwa Shukriya. Marhoun alikwenda na kikombe cha bluu, kakifunika kwa kitambaa, na Turki mwenyewe akamzuia mlangoni mwa wodi. "Kitu cha nje hakiingii hapa. Mambo ya kizamani yaacheni majumbani." Bibi yake Turki katoka Pemba kama wao, lakini kiti kikubwa kina dawa ya kusahaulisha. Kikombe kilirudi nyumbani kimejaa. Shukriya hakurudi.

Wasan akaleta karatasi ya tatu, laini kama ganda la yai. Marhoun akaandika. Wino ukakaa juu juu, ukimeremeta kama umande kwenye jani la mgomba. Akapitisha kidole, na neno lote likaja na kidole.

Ndipo alipotabasamu.

"Hiyo ya barua za mapenzi, ami," Wasan alisema. "Kwa ofisini siipendi. Ikiingia tone la maji, maneno yote yamekwenda. Chukua hii nyingine na wino huu hapa, hautoki hata ukiufua."

"Usiotoka nitaufanyia nini? Wino ninao nyumbani, mwepesi kuliko huo."

Binti akainama juu ya meza, akateremsha sauti. "Usifanye mchezo, ami. Mtu asaini leo, kesho maneno yawe mengine? Wenzako wamefungwa kwa hayo."

"Mimi nimeshafungwa, mwanangu. Ila mlangoni kwangu hapakuandikwa jela."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, Hamdun atazeekea Adam, na mimi watanikuta nimeoza mbele ya friji. Nifungie moja."

Wasan akamfungia, akageuza uso. "Wallahi leo sijakuona."

Alhamisi Marhoun alipita getini na faili kwapani. Mlinzi akalitazama faili, hakumtazama mwenyewe. Wenye mafaili huwa hawana nyuso. Ghalia akamwingiza. Turki akamwambia Ghalia asimruhusu mtu, kisha akamwashiria Marhoun afunge mlango kwa ufunguo. Mwenyewe hakuinuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya meza.

"Nani kakuona?"

"Wameliona faili. Ningekuja na sahani iliyoandikwa wangeuliza."

"Umeandika yote?"

"Yote, kama tulivyofundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Sikusoma zaidi ya hapo, lakini hapo nilisoma. Na Hamdun?"

"Nikiweza kushika kalamu, inshallah, saini ya kwanza ni yake. Khalas?"

Marhoun akasogea mezani. Akafungua faili, kisha akatoa mfukoni kikombe cha bluu, akakiweka baina ya yale mafaili yanayongoja. Turki akakitazama kikombe. Akakijua. Akainamisha macho.

Mzee akaikunja karatasi kama mfereji, akaimiminia maji ya waridi ya kichupa alichokuja nacho. Aya zote zikateremka kikombeni, za manjano kwa zafarani, karatasi ikabaki nyeupe kama haijapata kuguswa.

Mkono wa kulia wa mudiri ukatoka chini ya meza, ukatetemeka hewani, ukaanguka juu ya mafaili. Na kombe, maji hayo ya aya, halinywewi kwa mkono wa kushoto.

Marhoun akasema bismillahi, akakiinua kikombe mwenyewe, akamnywesha.