Ujumbe wa Tunu

Ujumbe wa mtoto hautoki kwenye simu mpaka mzazi ausome kwa sauti. Unaoingia hufunguka kwa mtoto peke yake. Ndiyo sheria, na Mama Tunu huitimiza jikoni akikuna nazi, sauti akiitoa puani kumwigiza bintiye.

“‘Shoga, nimekumisi!’ Umemmisi? Na vyombo je, hujavimisi?”

Wadogo zake Tunu huangua kicheko.

“Soma tu, mama.”

Siku moja Tunu alimwekea mama simu mbele ya mbuzi ya kukunia nazi, akasimama mlangoni. Mama akaanza, kwa sauti ileile ya puani.

“‘Shoga, yule mwanamume amenitumia picha chafu tena. Anasema nisipomjibu atanifuata shuleni. Nimwambie nani? Mama atanicheka.’”

Wadogo wakacheka kwa mazoea. Kifuu kikamponyoka Mama.

“Umesomwa, umetumwa,” simu ikasema.

“Mwanangu, mwanamume gani huyo?”

“Umeshasoma, mama. Sheria haisemi tuzungumze.”

Tangu hapo Mama husoma kwa sauti laini kabisa, na ujumbe ni uleule kila siku: “Sijambo, shoga. Hakuna jipya.” Kisha simu hutetemeka, ujumbe umeingia, na Tunu huichukua haraka.