Mkia wa Pundamilia

Nyani alizoea kukaa katikati ya njia ya dimbwini na kuwadhihaki wenye kiu. Pundamilia, mwepesi wa hasira, alikwenda kwa Mbuni kujifunza mateke ili amkomeshe. Lakini kwa Mbuni kulikuwa na desturi: mwanafunzi hafundishwi teke lolote kabla ya kupigwa teke hilohilo ubavuni.

Mafunzo yalipokwisha, Pundamilia alirudi dimbwini akiwa na kiu kali. Wanyama wakakusanyika kutazama.

"Karibu, shujaa wa mistari!" Nyani akacheka. "Haya, tuonyeshe ulichofundishwa."

"Nipishe ninywe maji, ndugu yangu," alisema Pundamilia, akapita pembeni.

Nyani alishangaa. Akamfuata, akamkamata mkia. "Mbona unanikwepa? Kwani hukujifunza kitu?"

"Nilijifunza. Teke la Mbuni lilinilaza siku nzima, na langu sasa ni zito kama lake. Siwezi kumpiga mwenzangu kwa sababu ya maneno."

"Ungempiga kwa sababu gani basi?"

"Akinishika nisiondoke."

Nyani akautazama mkia uliokuwa mkononi mwake. Akauachia taratibu, akazilaza nywele za mkia huo vizuri, kisha akapisha njia.