Huko Maharagwe Hayaivi

“Na nyoka wa huko wana njuga mkiani,” alisema Jelagat, akimwongezea Mugo chapati. “Wanakupigia muziki kwanza, halafu wanakuuma.”

Mugo aliacha kutafuna. “Si afadhali wangeuma tu bila kelele, shemeji?”

“Ndiyo New Mexico hiyo,” alisema Gitau, mume wa Jelagat, akibandika gundi kwenye boksi. Sebule yao ya Hyattsville, huku Marekani, ilikuwa imejaa maboksi mpaka dirishani. Moja liliandikwa VYOMBO kwa wino mweusi, ingawa chapati zilikuwa zikiliwa kwenye sahani zilezile za siku zote.

Gitau alikuwa ametangaza habari hiyo Jumapili, walipotoka kanisani: kazi inamhamishia jangwani. Tena si jangwa la kawaida, alieleza, ni lile la juu, huko nyanda za milimani, ambako jua linakuchoma mchana na baridi inakukaba usiku. Yeye na Jelagat wangeondoka mwisho wa mwezi.

Mugo alikuwa binamu ya Gitau. Alikuja kutoka Nyeri kukaa wiki mbili tu, atafute pa kuanzia maisha. Sasa alikuwa na kazi nzuri ya ghalani, gari lake mwenyewe, na shimo lenye umbo lake kwenye kochi. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Aliosha vyombo, alipiga gumzo na majirani wote, na kila alfajiri aliimba bafuni nyimbo za kanisa, beti zote, na kiitikio akakirudia.

“Basi nitakuja na nyinyi,” alikuwa amesema Jumapili hiyo, machozi yakimlengalenga. “Nani atawasaidia kushusha mizigo?”

Gitau na mkewe walitazamana. Tangu siku hiyo kila mlo ulikuja na ubaya mpya wa jangwa. Hewa ni kavu mpaka pua zinatoka damu. Upepo unaleta vumbi, mtu analala na mchanga mdomoni. Ngozi inapasuka kama kiatu cha zamani.

Lakini Mugo naye alikuwa na simu yake, na alikuwa akisoma.

“Wanasema Santa Fe, mji mkuu wa huko, uko juu kama Eldoret,” alimwambia Jelagat. “Kwenu kabisa, shemeji! Utajiona uko nyumbani.”

“Eldoret bila nyasi,” Jelagat alijibu. “Bila ng’ombe. Bila maziwa ya mursik. Eldoret iliyokaangwa.”

Mugo alifikiri. “Sawa. Basi nikae karibu. Nipange nyumba Arizona, niwe nawatembelea wikendi.”

“Arizona lami inayeyusha viatu,” Gitau alisema haraka.

“Colorado?”

“Theluji mpaka kwenye paa.”

“Na Texas je? Si wanapakana?”

“Texas kuna unyevu kuliko hapa,” alisema Jelagat.

“Texas ni kukavu ajabu,” alisema Gitau, palepale.

Gitau akakohoa. “Inategemea upande.”

Mugo alilala akijipindua kwenye kochi. Marekani nzima hakuwa na ndugu wengine. Walimpokea uwanja wa ndege akiwa na koti la kuazima, na sasa wanaenda kuumwa na nyoka wenye muziki, peke yao. Angewaachaje?

Kilichomshinda mwishowe hakikuwa nyoka. Ilikuwa Ijumaa, akikoroga sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yake, alipouliza, “Na chakula?”

Gitau alishusha pumzi kama daktari mwenye majibu mabaya. “Mahali pa juu namna hiyo, maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Maharagwe hayaivi, ndugu yangu. Unayabandika asubuhi, jioni bado yanagonga meno.”

“Mbona Eldoret yanaiva?”

“Eldoret tunakula ugali,” alisema Jelagat.

Mugo aliweka mwiko chini. Aliitazama ile githeri kwa muda mrefu.

“Kuna jamaa wa kazini, Kuria,” alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. “Ana chumba kule Manassas. Mtanisamehe kweli?”

Gitau alimshika bega. “Sisi tutavumilia.”

Kesho yake Mugo alipakia mabegi kwenye gari. Aliwakumbatia, akalia, akawakumbatia tena. Jelagat naye alijifuta macho kwa kanga. Gari likakata kona.

Gitau alifunga mlango, akasikiliza ule ukimya, kisha akajitupa mzimamzima juu ya rundo la maboksi. Yote yalibonyea. Hamkuwa na kitu ndani, hata kijiko.

“Hivi New Mexico iko upande gani?” Jelagat aliuliza, akicheka mpaka akakaa sakafuni.

“Nitajuaje? Nilisikia tu kwenye redio.”

Walikuwa bado wanacheka mlango ulipogongwa. Alikuwa Cheryl, mwenye nyumba, keki mkononi na macho mekundu. Alisema atawakumbuka sana. Mugo alimweleza wiki hii habari yote ya kuhama kwao, ndiyo maana hakuwasumbua na mkataba mpya, ingawa wa zamani unaisha mwezi huu. Na mtu mwema yule, Mugo, akamtafutia hata wapangaji wengine, familia safi ya kanisani. Wametia saini asubuhi ya leo.

Nyuma yake, mwanamke mmoja alikuwa ameshaingia sebuleni na futi ya fundi cherehani, anapima dirisha.

“Mimi naitwa Flaviana,” alisema kwa Kiswahili cha Dodoma. “Samahani dada, haya mapazia mnatuachia, au nayo yanaenda jangwani?”