Hondohondo Abana Matumizi

Kama ilivyo desturi ya hondohondo, mke alijiziba kwa udongo ndani ya tundu la mkuyu ili aatamie, akaacha ufa mwembamba wa kulishwa na mumewe.

Makinda yalipoanguliwa, mume alikuja na uso wa huzuni. "Mama watoto, nje hali ngumu. Tubane matumizi. Badala ya makuyu matatu kwa siku, nitaleta moja."

Mke akakubali. Kinda dogo lilipokufa, akajiliwaza kwamba mdomo mmoja umepungua.

Alipobomoa ukuta akatoka, makuyu yaliyoiva yalikuwa yanaoza chini, na tawi limeinama kwa uzito wa mumewe.

"Mbona umetoka mapema?" mume aliuliza huku akitafuna. "Si nilikwambia hali ngumu?"