Kidole cha Mume Wangu

Kabla ya waya, shingo yangu ilipinda kushoto kama ya mbea dirishani. Ilinyooka tu pale mume wangu Shekue, fundi cherehani, aliponigusa shavu kwa kidole chake chenye sugu. Miaka tisa nilimenya vitunguu nikiwa na kidole cha mtu shavuni!

Daktari Nyamvula hakucheka. Alinitia waya ubongoni, akamwambia Shekue aniguse, akaunasa ule mguso na kuufundisha umeme uuige. Nikanyooka kama mlingoti. Mungu ampe umri mrefu! Na kwa sheria, tiba ya mmoja ni ya wote: mguso uleule umenakiliwa, na shingo elfu nne sasa zimenyooka.

Jana sokoni nilimwona mwanamke nisiyemjua, shingo wima, akijishika shavu na kutabasamu.

"Dada, na wewe una waya?" nikamuuliza.

"Ninao! Ni kama kuna mtu ananigusa hapa. Kidole kina sugu, lakini kina huruma kweli."

Nilimpa hongera. Nyumbani nikamkuta Shekue kwenye cherehani, mikono yote miwili kazini.

"Baba Mwinyi, niguse shavu."

Akaacha kushona. "Kwani imepinda tena?"