Siku ya Mkutano

Mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa ulezi pale Kizwite alisimama nyuma ya kiti cha Anjela, karani mzee aliyetunza tovuti ya ushirika.

"Kwenye tovuti andika mkutano ni Jumatatu. Wanaotaka kuniondoa wakija, kura za Jumamosi zitakuwa zimeshapigwa. Au hayo masomo yako ya kompyuta ya jioni ni ya kupoza uzee tu, mama?"

Anjela alibana msalaba wa rozari mpaka ukamchoma kiganja. Akafuta Jumamosi kwenye ukurasa, akaandika Jumatatu. Faili la pembeni la JavaScript, maagizo ya kompyuta aliyoyaandika mwenyewe, ambalo kila ukurasa unapofunguliwa huweka Jumamosi mahali pa siku yoyote iliyoandikwa, hakuligusa.

"Kumbe hata kizee hufundishika," mwenyekiti alisema akitoka.

Mlangoni akatoa simu, akaufungua ukurasa. Anjela akaanza Salamu Maria.