Ukuta wa Bi Tunu

Leseni ya kiwanda chake cha sabuni ilidai hesabu za mhasibu, na wahasibu wawili wa kwanza walimwambia Bi Tunu neno lile lile: pakaa ukuta huu chokaa, uanze upya. Miaka kumi na miwili ya wateja na hesabu zao, yote kaichora pale kwa mkaa. Alikuwa ameshachovya brashi kwenye ndoo ya chokaa kwa uchungu wakati mhasibu wa tatu alipobisha hodi.

Binti mwenye miwani. Akavua viatu, akachuchumaa mbele ya ukuta, akautazama mpaka chai yake ikapoa.

“Bibi, huyu mwenye mkia ni nani?”

“Yule anakuja na punda. Miche ishirini ya sabuni kila wiki.”

“Na huyu mwenye pembe?”

“Mkwe wangu huyo. Huchukua miwili, husema mmoja.”

Binti alicheka hadi miwani ikamteleza. Kisha akafungua daftari jipya, akachora punda mdogo, na pembeni yake akaandika: ishirini.

“Haya bibi, anayefuata nani?”

Bi Tunu alishusha pumzi ndefu. Akaifunika ndoo ya chokaa, akaikalia kwa uzito wake wote.

“Mwenye pembe,” akasema. “Na mchore vizuri.”